Wakulima waulize ramani ya programu kabla ya kulipa

Chama cha msingi kinapotaka kununua programu ya kompyuta ya kupokea mazao, mazungumzo huhamia haraka kwenye mambo madogo. Mafundi hueleza lugha waliyotumia kuiandika, ukubwa wa kumbukumbu ya mashine na kasi ya kutoa stakabadhi. Wajumbe nao huuliza kama nembo ya chama itaonekana kwenye skrini. Nani ataruhusiwa kubadili uzito wa korosho ulioingizwa jana? Hapo kikao huwa hakifiki.

Ugonjwa huu mafundi wenyewe wanaujua. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp, mtaalamu wa Denmark aliyekuwa akishiriki kuandika mfumo wa FreeBSD, aliwalalamikia wenzake kwamba jambo dogo huvuta maneno mengi kuliko kubwa. Mfano aliuchukua kwa Parkinson, Mwingereza aliyeandika mwaka 1957 juu ya kamati iliyopitisha kinu cha nyuklia kwa dakika chache, kisha ikabishana juu ya banda la baiskeli. Banda kila mtu analielewa.

Nchini Uingereza jambo hili liliwagharimu wenye maduka. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta lilisambaza mfumo wa hesabu wa Horizon kwenye maelfu ya vituo, vingi vikiendeshwa na mawakala wenye biashara ndogo. Mfumo ukionyesha upungufu, wakala alitakiwa kuufidia mfukoni mwake. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa ushahidi wa kompyuta hiyo.

Makosa yenyewe mengine yalikuwa madogo. Huko Dalmellington, Scotland, mwaka 2015 wakala alipokea pauni 8,000, skrini ikagoma kusonga, akabonyeza kitufe tena na tena. Mfumo ukahesabu mara nne, likazuka pengo la pauni 24,000. Kosa la namna hiyo fundi hulirekebisha. Lakini ramani ya mfumo ilimpa wakala taarifa chache mno za kutafuta chanzo cha upungufu, huku wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta wakiweza kuingia kwenye hesabu zake kutoka mbali bila yeye kujua. Jambo hilo lilikanushwa kwa miaka mingi, nayo hukumu ya Mahakama Kuu ya Desemba 2019 ikalithibitisha. Sheria ya kufuta hatia kwa pamoja ilikuja mwaka 2024, wengine wakiwa wameshafariki.

Mafundi hawakosei kujali vitu vidogo. Msumari mbovu huangusha paa. Ila mkulima hawezi kupima msumari. Ramani anaiweza, maana ni mambo ya mizani, daftari na dhamana anayoyajua tangu zamani. Mtandao ukikatika mzigo ukiwa juu ya mizani, stakabadhi itatoka? Karatasi ya mkulima ikipingana na kompyuta, ipi itasimama? Anayebadili takwimu ataacha jina lake? Fundi akijibu kwa kusifu kasi ya mashine, arudishiwe swali lile lile, na malipo yasubiri.