Tusiwaue vipanga, ni walinzi wa mashamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya kuwaua vipanga ovyo. Vijijini, kila ndege mwenye mdomo uliopinda huhesabiwa mwizi wa vifaranga. Vijana humpiga kwa manati, na wazee huwasifu.

Ni kweli mwewe hunyakua vifaranga. Lakini kipanga mdogo mwenye mabega meusi hahusiki na kesi hiyo. Huyu ni wa kijivu mgongoni, mweupe tumboni na ana macho mekundu. Huwinda kwenye mbuga na mashamba ya wazi. Husimama hewani mahali pamoja akipigapiga mabawa, kisha hushuka miguu ikiwa imetangulia. Anachokifuata ni panya, ambao ndio karibu chakula chake chote.

Sisi wakulima wa mahindi wa Morogoro tunaijua hasara ya panya, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimewachunguza kwa miaka mingi. Panya shamba huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Hufukua mbegu zikiwa bado ardhini, mkulima akalazimika kununua nyingine na kupanda upya. Je, tunapomwua kipanga tunamsaidia nani?

Jambo la pili ni sumu. Baadhi ya sumu za panya haziui papo hapo. Panya aliyeila huzurura siku kadhaa akiwa amelegea, na kipanga akimkamata hula sumu hiyo hiyo. Tuzitumie kwa uangalifu, na mizoga tuizike.

Sisemi kwamba kipanga peke yake atawamaliza panya. Wakifurika, huzaana upesi kuliko anavyoweza kuwala. Kupanda kwa wakati mmoja na kufyeka vichaka kandokando ya mashamba bado ni wajibu wetu. Lakini mlinzi asiyedai mshahara hafukuzwi kazi.

Natoa wito kwa mabwana shamba watufundishe kuwatofautisha ndege hawa, na walimu wawakanye watoto kuhusu manati. Wakulima wenzangu, tuache miti michache shambani au tusimike nguzo, ili kipanga apate pa kutua mchana, na bundi usiku. Vifaranga tuwafunike kwa tenga.

Mkulima wa Mahindi,
Kilosa, Morogoro.