Alikataa kutoka gerezani kwa uongo

Katika kazi ya uchungaji tunaitwa mara nyingi na familia ambazo mtoto wao yuko buloko kwa sababu ya siasa. Tunakwenda, tunaomba, tunazungumza na wakubwa. Zaidi ya mara moja tumejibiwa hivi: atatoka, lakini kwanza aweke sahihi kwamba hakupigwa. Tukisema kweli, mara nyingine ni sisi wenyewe tuliomwambia mzazi: "Mama, mwambie asaini tu, atoke." Ndiyo maana habari ya Loujain al-Hathloul inatugusa, hata kama yeye ni Mwislamu na nchi yake, Saudi Arabia, iko mbali.

Loujain alizaliwa mwaka 1989 na akasoma chuo kikuu nchini Kanada. Wakati ule mwanamke wa Saudia hakuruhusiwa kuendesha gari. Mwishoni mwa mwaka 2014 alijaribu kuvuka mpaka kutoka Falme za Kiarabu akiwa mwenyewe kwenye usukani; alifungwa siku 73. Mwezi Mei 2018 alikamatwa tena pamoja na wanawake wengine waliodai haki hiyo hiyo. Wiki chache baadaye, tarehe 24 Juni, serikali ikawaruhusu wanawake kuendesha. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wameomba walikuwa ndani siku ile wengine waliposhika usukani kwa mara ya kwanza. Ujumbe ulieleweka: haki ni zawadi ya mfalme, na raia asithubutu kuidai.

Familia yake imeeleza kwamba katika miezi ya kwanza aliteswa kwa umeme, kwa maji na kwa viboko, na kwamba alidhalilishwa kama mwanamke. Serikali imekana yote. Mwezi Agosti 2019, kwa maelezo ya ndugu zake, aliletewa sharti la kuachiliwa: akane mateso hayo. Kwanza alikubali kutia sahihi. Kisha wakataka aseme maneno hayo mbele ya kamera. Hapo alikataa, akaichana karatasi. Alikuwa na miaka 30, na alibaki gerezani karibu mwaka mmoja na nusu zaidi.

Tujiulize: kwa nini serikali yenye jeshi, mahakama na fedha ihitaji maneno ya msichana mfungwa? Ni kwa sababu aliyeteswa ndiye shahidi, na mara nyingi ni shahidi pekee. Mwezi Desemba 2020 mahakama ya Riyadh ilitupilia mbali malalamiko yake ya kuteswa, ikisema hakuna ushahidi. Fikirini kama ile video ingekuwapo! Ingetumika dhidi yake, na pia dhidi ya kila mwanamke ambaye angelia baada yake. Mwezi huo huo mahakama inayoshughulikia kesi za ugaidi ilimhukumu miaka 5 na miezi 8, sehemu yake ikisimamishwa. Kati ya makosa aliyoshtakiwa kulikuwamo kuzungumza na waandishi wa habari wa nje na kuomba kazi Umoja wa Mataifa. Alitoka tarehe 10 Februari 2021, baada ya siku 1,001.

Wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 16 watakumbuka Filipi. Paulo na Sila walikuwa wamepigwa hadharani bila hukumu. Asubuhi wakuu wa mji walituma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo hakukubali, alitaka wakuu waje wenyewe kuwatoa. Tunahubiri sana juu ya nyimbo za usiku ule na milango iliyofunguka. Juu ya asubuhi yake, Paulo alipoukataa ule mlango wa siri, tunanyamaza.

Hatusemi kwamba kila mfungwa lazima akatae. Aliyesaini ili awaone watoto wake asihukumiwe na mtu yeyote. Loujain mwenyewe alikuwa amekubali mwanzoni. Kosa liko kwa anayeuza uhuru kwa bei ya uongo. Lakini sisi viongozi wa kanisa tusiwe wachukuzi wa karatasi hiyo. Tukiitwa kuombea mtu, tuombe atoke bila sharti la kukana. Tuisaidie familia kumpeleka kwa daktari mapema na kuandika tarehe, kabla alama za mwilini hazijapotea.

Tena tusimsahau akishatoka. Loujain alizuiwa kusafiri, hata baada ya muda uliowekwa na mahakama kwisha mwaka 2023. Gereza la pili halina kuta. Huku kwetu pia, aliyetoka huogopwa na majirani, hukosa kazi, na benchi lake kanisani hubaki tupu pande zote mbili.

Najua wengine watauliza: kwa nini tumtetee Mwislamu? Katika Beni na Ituri, ambako ADF wamechinja waumini wetu, swali hili lina uchungu na hatulidharau. Lakini waliomfunga Loujain ni Waislamu, na waliomlilia ni Waislamu. Dini ya mtu haituambii kama ni mtesaji au mteswa. Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, unatuagiza kuwakumbuka wafungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao.

Basi Jumapili hii, tunapowaombea wafungwa, tuwataje na wale ambao si wa kundi letu. Na siku mama atakapokuja tena na karatasi mkononi akituuliza mtoto afanye nini, tusiwe na haraka ya kumpa kalamu. Tukae naye kwanza, kisha twende pamoja naye kwa hao wakubwa.