Nani Amekataa? Falsafa, Sarufi na Mashine Zenye "Akili"

Mwaka 1950 Alan Turing wa Uingereza aliuliza iwapo mashine zaweza kufikiri, kisha akapendekeza swali hilo lipishe mchezo wa uigaji: je, muulizaji aweza kuitofautisha mashine na mtu kwa majibu yake tu? Falsafa ya Magharibi imeujadili mchezo huo kwa zaidi ya miaka 70. Naye Kwasi Wiredu wa Ghana (1931–2022) alisisitiza kwamba mwanafalsafa wa Kiafrika apokeapo swali la kigeni, sharti alifikirie upya kwa lugha yake. Makala haya yanaufuata wito huo.

Sarufi ya Kiswahili ina msimamo wake. Kipofu na kifaru, ingawa maneno hayo yana umbo la KI-, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kifaru amelala. Kompyuta haikupewa hadhi hiyo, imewaka, imezimika. Hata baada ya kuja kwa kile kiitwacho akili mnemba au akili unde, hatusemi "kompyuta amejibu."

Hata hivyo, kitenzi kinatusaliti. Mwananchi anyimwapo mkopo, au jina lake likosekanapo katika orodha, huambiwa: "Mfumo umekataa." Yaweza kudaiwa kwamba usemi huu si mpya, kwani gari nalo hukataa kuwaka. Lakini gari halimpimi mtu kama anastahili. Nyuma ya mfumo yupo aliyeweka vigezo, aliyeuidhinisha na anayefaidika nao. Sentensi hiyo inawafuta wote, ikabakiza mashine yenye utashi isiyoweza kuhojiwa.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo falsafa inapopaswa kuanzia. Swali la dharura kwa jamii zetu si kama mashine ina akili, bali ni nani awajibike kwa uamuzi wake. Katika Kiswahili akili haiishii katika kukokotoa: msomi afanyaye upuuzi husemwa hana akili, na asiye na huruma husemwa hana utu. Dhana hizi zinamdai mtendaji awezaye kuona haya. Mfumo hauoni haya.

Hatuna budi, basi, kuwazoeza wanafunzi wetu wa isimu na wa falsafa kuihoji kila sentensi ya aina hii hadi mtendaji wake aonekane.