KIZURI CHAJIUZA KIKIONEKANA

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu msemo huu umekuwa kisingizio cha wazalishaji wetu wanaotengeneza bidhaa safi, wakazifungia ndani, kisha wakakaa barazani kumsubiri mnunuzi. Mnunuzi hafiki. Anayefika ni dalali, naye hupanga bei aitakayo kwa kuwa anajua hakuna mwengine atakayebisha hodi.

Hali hiyo inaonekana wazi kwa akina mama wa mwani. Kilimo cha biashara cha zao hili kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na hadi leo sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nchi za nje, ambako hutolewa uteute unaotumika katika vyakula, vipodozi na dawa ya meno. Mkulima mwenyewe hubaki na fedha kidogo kwa kila kilo. Ndipo baadhi ya vikundi vilipoamua, kwa busara kubwa, kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka kwa mwani wao. Uamuzi huo unastahili pongezi. Lakini sabuni isiyojulikana iliko haina tofauti na mwani uliobaki baharini.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza biashara ni kazi ya wenye fedha. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani tangazo la redio au la gazeti lilihitaji malipo ambayo kikundi cha watu kumi kisingeyamudu. Leo simu yenye intaneti imo katika nyumba nyingi. Jambo la kusikitisha ni kwamba simu hiyo hutumika mchana kutwa kwa soga na vichekesho, na kwa biashara haitumiki hata robo saa.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, hupatikana bila ya malipo. Humwezesha mfanyabiashara kuandika jina la biashara yake, mahali ilipo na saa za kazi, na tangu mwaka 2019 kupanga orodha ya bidhaa pamoja na picha na bei zake. Tangazo linalowekwa katika stetasi huonekana kwa saa 24. Hali kadhalika, kuisajili biashara katika ramani ya Google hakuna malipo, na mgeni aliyefikia Nungwi au Mji Mkongwe huweza kuiona njia ya kumfikisha mlangoni.

Hata hivyo, kuna tabia ambazo hatuna budi kuzikemea. Muuzaji hutandaza picha katika Instagram, akiulizwa bei hujibu, “Njoo faragha.” Mnunuzi naye hushuku kwamba bei hupangwa kwa kuangaliwa sura yake, akaenda zake. Wengine huazima picha za bidhaa za watu, na wengine hununua wafuasi wa uongo. Wabaya zaidi ni wale wanaopokea fedha kwa simu kisha wakatoweka. Mnunuzi aliyedhulumiwa mara moja hamwogopi mwizi wake tu, huliogopa soko zima, na anayelipa gharama ya hofu hiyo ni mama mwaminifu wa kijijini. Sisi tuliokaa juu ya jamvi la chuoni kabla ya kuingia skuli ya serikali tulifundishwa mapema ubaya wa kupunja kipimo. Picha inayopendeza kuliko bidhaa ni pishi iliyopunjwa.

Kwa hiyo tunavishauri vikundi vyetu vishike njia ya ushirika. Kila mwanachama asihangaike peke yake. Kikundi kiwe na ukurasa mmoja, kimchague kijana mmoja aliyemaliza skuli, apangiwe saa maalumu na alipwe kwa kazi yake. Picha zipigwe mchana, karibu na dirisha. Bei iandikwe. Mteja anayeuliza ajibiwe siku hiyo hiyo.

Aidha, ieleweke kwamba mitandao hii si mali yetu. Kampuni ya Facebook ya Marekani, ambayo sasa inaitwa Meta, iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Ukurasa uliojengwa kwa miaka unaweza kuibiwa au kufungwa kwa siku moja. Anayejitegemea huandika majina na namba za wateja wake katika daftari lake mwenyewe, na huzitunza kama amana, wala hazigawi ovyo. Katika daftari hilo hilo aandike kila mteja alimjia kwa njia gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miezi mitatu kikundi kitajua ni njia ipi inayoleta wanunuzi na ipi inayoleta sifa tupu. Hapo ndipo kinaweza kufikiria kulipia tangazo, tena kwa fedha kidogo.

Viongozi nao wasijitoe. Maofisa wa ushirika, masheha, na sisi wa Chama tukiwemo, tumezoea semina zinazomalizika kwa posho na picha ya pamoja. Akina mama hawali picha hizo. Anayetaka kuwasaidia akae nao mpaka sabuni ya kwanza ipigwe picha, itiwe bei na ipate mnunuzi.

Wazee hawakukosea. Kizuri chajiuza, lakini kwanza kitolewe ndani, kitajwe bei yake hadharani, na mwenye nacho awe mkweli. Asiyefanya hayo asimlaumu dalali anapobisha hodi.