Jumamosi Saa Tatu ni ya Watoto

Jumamosi moja sebuleni kwangu walikuwa watoto tisa, wanne tu wa nyumba hii. Waliobaki walitoka kwa majirani, kandambili zao zimerundikana mlangoni. Mbele yao TV ya chogo, king'amuzi juu yake, na mpwa wangu wa miaka mitano amepanga vizibo vya soda mkekani, anahesabu pamoja na katuni. Akakwama kwenye saba, katuni ikarudia, naye akarudia. Alipofika tisa, picha ikakatika. Kituo kimehamia mubashara kwenye ufunguzi wa warsha. Mheshimiwa akaishukuru meza kuu, akawashukuru waandaaji, akaishukuru tena meza kuu. Baada ya robo saa mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, yule baba anamaliza saa ngapi?"

Hakumaliza. Wiki iliyofuata kipindi kilihamishiwa Jumatano saa nne asubuhi, wakati watoto kinaowahusu wako darasani.

Nikapiga simu kituoni. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, akaenda kuuliza, akarudi: "Kaka, hakuna aliyelalamika. Wewe ndiyo wa kwanza."

Ndugu zangu, jibu hilo limeninyima usingizi kuliko hata kile kipindi kilichohamishwa. Mechi ya Simba na Yanga ikikatika dakika tano, simu za kituo haziwekwi chini. Kipindi cha watoto kikitoweka mwezi mzima, kimya. Mwenye kituo naye ana hesabu zake. Anasikiliza anayepiga kelele.

Sisi wa rika langu tulilelewa na redio. Ilipofika zamu ya kipindi cha Mama na Mwana pale Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti ya Debora Mwenda ilikuwa inatosha kusimamisha ugomvi wa ndugu wanne. Hakuna aliyekuwa akidaiwa kifurushi. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mkata kuni walisikia hadithi ileile, kwa Kiswahili kilekile kilichonyooka, na kesho yake wakasimuliana njiani.

Wala msidhani siku hizi hakuna wanaojua kazi hiyo. Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC1, imetengenezwa hapahapa Dar es Salaam, ikifundisha hisabati kwa visa na nyimbo. Ikafuata Akili and Me kwa wale ambao hawajaanza shule, yenye mtoto wa kike anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kabla yao kulikuwa na Kilimani Sesame, ndugu wa Sesame Street ya Marekani. Watafiti waliwafuatilia watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe walioifuata, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliokishika vizuri kipindi ndio waliopiga hatua zaidi katika herufi, hesabu, na hata kuijua malaria. Kisarawe! Wala si mbali, ukitoka Dar unaingia.

Basi kazi ipo na inafaa. Kinachokosekana ni fedha, na fedha hufuata macho ya wakubwa. Katuni ya nje ilikwisha kurudisha gharama zake kwao, huku inauzwa kwa bei ya kutupa. Ya kwetu inadai mwandishi, wachoraji, waimbaji na watia sauti, miezi kadhaa kwa dakika chache. Kwa hiyo imeegemea wafadhili. Na mfadhili akigeuka? Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa redio na televisheni za umma, na televisheni hizo ndizo zilizoilea Sesame Street tangu siku zake za mwanzo. Ikiwa wenye mali wanafyekewa hivyo, sisi tunaongoja hisani ya mtu wa mbali tuna uhakika gani?

Katuni za nje sizichukii, mimi mwenyewe nacheka nazo. Lakini mtaani kwetu mtoto asiye na TV ya kumkaribisha huishia kibanda umiza, kwa shilingi mia mbili, akitazama watu wanakatwa shingo huku DJ anatafsiri kwa mbwembwe. Hapo ndipo anapojifunza Kiswahili cha hadithi.

Nawaomba basi. Kwanza simu. Taja jina la kipindi, taja siku na saa unayoitaka, usiishie kwenye "mtujali watoto". Hilo halipangiki kwenye ratiba. Pili, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kabla ya kufika kwenye michango, andikeni barua moja ya pamoja, mwenyekiti wa kamati aisaini, nakala iende kwa mbunge. Bunge la bajeti huanza Aprili pale Dodoma, na wizara yenye dhamana ya habari husimama kujieleza. Mbunge aulize: chombo cha umma kinachoendeshwa kwa kodi zetu kimewatengea watoto saa ngapi kwa wiki, na fedha kiasi gani?

Nanyi wenye viwanda vya sabuni, maziwa na madaftari, mteja wenu ni mama wa mtoto huyu. Dhaminini kipindi, jina lenu liandikwe mwanzoni na mwishoni, katikati mtuachie. Watengeneza pipi ningewaomba wasubiri kidogo. Sitaki kipindi cha kuhesabu kiwe cha kuhesabu pipi.

Jumatatu nitampigia tena yule dada. Safari hii nitafurahi nikiambiwa namba ninayopiga inatumika.