Fimbo si Mwalimu wa Mbwa

Mbwa akimbizaye mbuzi wa jirani hukamatwa, hushtakiwa na kuhukumiwa kwa dakika moja, na hukumu yake ni ile ile siku zote: fimbo. Bwana wake humchapa mbele ya mashahidi ili watu wajue kuwa yeye hapendi uharibifu. Mashahidi huridhika, jirani hutulia, na mbwa hurudishwa kwenye mnyororo. Juma la pili mbuzi hukimbizwa tena. Kama adhabu hiyo ni dawa, msomaji, mbona ugonjwa hauponi? Nasema kwamba si dawa. Ni hasira ya mwenye mbwa iliyovikwa joho la mafunzo, na imekwisha kuwa desturi hata hakuna aionaye haya.

Tuitazame asili ya kosa lenyewe. Mbwa ni uzao wa mbwa-mwitu, mnyama aliyekula kwa mbio zake. Kwake uwindaji ulikuwa mlolongo wa vitendo: kukaza macho, kunyemelea, kukimbiza, kuuma, kuua, kisha kula. Binadamu aliuchukua mlolongo huo, akaukata na kuushona upya kwa faida yake. Mbwa achungaye kondoo, aitwaye Border Collie, aliachiwa jicho, kunyemelea na mbio, akapunguziwa kuuma. Greyhound alizidishiwa mbio. Basenji wa misitu ya Kongo alipendwa kwa kuwafukuza wanyama kuelekea katika nyavu za wasasi. Nao mbwa wetu wa vijijini, ambao nasaba yao haikuandikwa kitabuni, wengi ni wajukuu wa mbwa waliosifiwa kwa kazi iyo hiyo. Katika Kenya uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini damu ya mbwa haikusomewa tangazo hilo. Paa hayupo njiani. Kuku yupo, mbuzi yupo, mtoto juu ya baiskeli yupo, na pikipiki haziishi kupita. Tulichokitukuza kwa babu tunakipiga kwa mjukuu, nasi twajiita waadilifu.

Lakini tuseme kwamba haki ya mbwa haikuhusu, wataka mbuzi wapone tu. Hata hivyo fimbo itakuangusha. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa huambatanisha mambo yatokeayo pamoja: ishara ikitangulia chakula mara nyingi, mate humtoka kabla hajakiona chakula. Sasa fikiri juu ya mbwa atokaye mbioni. Amekimbiza, amefurahi, ameitwa, amekuja, amepigwa. Bwana wake adhani ameyaadhibu mbio. Kumbe ameadhibu kurudi. Kesho akiitwa atasita, na kesho kutwa hataitika kabisa. Na akipigwa akiwa amemkazia mbuzi macho, huambatanisha maumivu na mbuzi, akamchukia mnyama ambaye hapo kwanza alimtamani tu. Mbio zenyewe ni tuzo kwa mbwa wa namna hii, ashike asishike. Kila mara akimbizapo bila kuzuiwa amejilipa mshahara, na fimbo ije baadaye haiwezi kuunyang'anya.

Wako wauzao mikanda ya shingoni yenye umeme, nao huita uvumbuzi. Ni fimbo ile ile iliyosoma shule. Wales iliipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010. Sisi nasi tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, nayo imeorodhesha kumpiga mnyama kikatili kuwa ni kosa. Ni wangapi wamekwisha kuisoma?

Basi mbwa afunzwe nini? Afunzwe kwamba kumwona mbuzi ni habari ya kumletea bwana wake, wala si amri ya kuondoka. Kazi hii huanzia mbali. Mfunge mkanda wa kifuani, si wa shingoni, maana mbwa afikaye mwisho wa kamba kwa kasi huweza kuumia shingo. Msimamishe mahali ambapo mbuzi waonekana lakini moyo wake haujapanda. Kipimo ni rahisi: mpe kipande cha ini. Akikipokea kwa utulivu, umbali unafaa. Akikikataa, macho yamemtoka na mwili umekakamaa, umemsogeza mno. Rudi nyuma hatua ishirini bila ya makelele, kwa kuwa kosa hilo ni lako. Akitazama mbuzi kisha akageuza uso kwako, hata kwa nukta moja, msifu papo hapo na kumpa. Usichelewe: tuzo ikingoja mpaka uvue kofia na kutafuta mfukoni, mbwa amekwisha kutenda jambo jingine, na hilo ndilo ulilolilipa. Fanya hivyo kwa dakika chache, kisha nenda zenu. Kesho sogea hatua mbili. Kesho kutwa huenda ukarudi nyuma hatua tano, kwa kuwa mwana-mbuzi ameruka. Ni kazi ya miezi, si ya Jumamosi moja.

Wakati huo wote asiachwe kukimbiza hata mara moja kwa bahati mbaya. Tumia kamba ndefu, ya mita kumi hivi, mahali pa wazi. Na ile ari yake ipewe uwanja wa halali: mfiche chakula majanini akinuse, mtupie mpira ukimwamuru, mvutishe kitambaa na kumfundisha kukiachia. Afungwaye mnyororo mchana kutwa hutoka nje kama maji yaliyovunja ukingo, halafu twashangaa kwamba hatembei kwa adabu!

Asemaye kwamba hayo ni ndoto za wenye bustani, na atazame Lewa, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, na pembetatu ya Mara. Huko mbwa wa kunusa hufuata nyayo za majangili wakiwa kambani, katika nchi iliyojaa pundamilia na swala. Si mbwa baridi hao. Ari yao ni kali kushinda ya mbwa wa uani kwako, na kwa ari hiyo ndiyo wakachaguliwa. Ila wamefunzwa harufu ya kufuata na harufu ya kuacha.

Sisemi kwamba kila mbwa atafunguliwa kamba siku moja. Wengine hawatafunguliwa kamwe karibu na mifugo, na mwenye kuahidi kumgeuza mbwa wa kusaka kuwa mwana-kondoo anauza maneno. Kutembea kwa utulivu akiwa kambani ni ushindi wa kutosha, kwa maana mbwa aliyezoea kuua mifugo kwa kawaida haishi sana: huwekewa sumu, au hupigwa mawe, na hapana atakayeuliza nani alikosa kumfunza.

Limebaki pingamizo moja, nalo husemwa kwa sauti kubwa: je, mbwa alishwe ini na watu hawana nyama? Kipande kitoshacho ni kama ukucha wa kidole kidogo, na asiye na ini atumie ugali uliochovywa katika mchuzi, au dagaa mmoja aliyekatwa mara tatu. Vyote vitolewe katika chakula chake cha jioni, ambacho angekila bure katika sufuria bila ya kujifunza lolote. Mbuzi mmoja wa jirani ni ghali kuliko dagaa wa mwaka mzima.