Kagua ua kabla ya kuleta kijibwa

Kila likizo ya Desemba watoto wa mjini huwasihi wazazi wao wawaletee mtoto wa mbwa, na wazazi wengi hukubali. Kijibwa huletwa ndani ya katoni, hupewa maziwa na jina, kisha huachiliwa uani. Ua wenyewe haujakaguliwa na yeyote. Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo, lakini matokeo ya haraka hiyo huishia mezani kwangu.

Anza na lango. Malango yetu mengi yameacha mwanya chini, na kijibwa hupenya hapo bila taabu akakutane na mbwa wasio na wenyewe kwenye jaa la taka. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe aliyeumwa kidoleni na kijibwa wa miezi minne. "Daktari, walikuwa wakicheza tu," aliniambia. Nilipodadisi, nikaelezwa kuwa kijibwa huyo aliwahi kutoroka akarudi na jeraha shingoni, na hakuwa amechanjwa. Mtoto alianzishiwa sindano siku hiyo hiyo. Kijibwa alikufa kabla ya sindano ya tatu. Mtoto yu mzima hadi leo, lakini ingekuwaje kama mama angeamini kwamba ni mchezo?

Kichaa cha mbwa kilitambuliwa nchini mwaka wa 1912 na bado hatujakimaliza. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, tiba hakuna. Basi ziba mwanya huo kwa matofali au waya. Mchanje kijibwa afikapo miezi mitatu, na urudie kila mwaka. Wako wanaonunua mkufu wa bei kabla ya chanjo. Hao siwaelewi hata kidogo. Na mtoto akiumwa, hata mchubuko mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Usipake mafuta ya taa wala tumbaku.

La pili ni kinyesi. Vijibwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo waliyoipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili hivi au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo anayezoa kinyesi kila siku ameshinda nusu ya vita. Mtoto anayechezea udongo akatia vidole kinywani anaweza kudhurika hata macho. Mpe kijibwa dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi atimize wiki 12.

Sumu ya panya iondoe kabisa, hata ile ya nyuma ya stoo. Aina nyingine huua kwa kuvujisha damu siku kadhaa baada ya kuliwa, na mtoto anayetambaa huifikia kama kijibwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimtupie. Huvunjika vipande vikali vya kutoboa utumbo.

Ikiwa huna nafasi ya kufanya haya mwezi huu, mwambie mtoto asubiri hadi Pasaka.